Ushauri: dada yangu anatoka damu viganjani kila Ijumaa, nianzie kwa paroko au kwa askofu?

Nuru_Hafifu: Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Dada yangu, miaka 19, msali sana, tangu Kwaresima anatoka damu katikati ya viganja kila Ijumaa. Ikifika Jumapili pamekauka, vimebaki vigaga vyeusi. Mwenyewe anasema ni Madonda Matakatifu, yale ya Yesu msalabani. Swali langu ni moja tu: paroko kwanza au askofu moja kwa moja?

Mama_Rozari: Usiogope mwanangu. Fransisko wa Assisi aliyapata mwaka 1224 kule mlimani La Verna, miaka miwili kabla hajafa. Padre Pio alikaa nayo miaka 50, tangu 1918. Mimi goti lilinivimba nikasali novena yake, siku ya tisa nikapanda ngazi bila fimbo. La kushoto hilo goti.

Tomaso_wa_Pili: Mama, goti lako tunalijua sote humu. Mleta mada, ni viganjani au kwenye vifundo vya mikono? Wengi waliochunguza kusulubiwa wanaona kiganja peke yake kisingebeba uzito wa mtu. Ila picha za kanisani zinachora kiganjani, na madonda nayo yanatokea hapo hapo. Jiulize.

Zamu_ya_Usiku: Niko kwenye mambo ya tiba. Nani ameiona damu ikianza kutoka? Sisemi baadaye, ikianza.

Nuru_Hafifu: Hujifungia kusali. Akifungua, kitambaa kimeshalowa. Lakini hata Padre Pio alificha yake kwa glavu, kwa hiyo usiri si uongo.

Zamu_ya_Usiku: Pio alikaguliwa na madaktari, na bado Agostino Gemelli, daktari na Mfransisko mwenzake, hakuridhika. Dada yako ameonwa na nani? Halafu kuna kitu unakizunguka.

Nuru_Hafifu: Sawa. Kuna kiwembe. Nilikikuta kwenye kifuko chake cha rozari, nikakirudisha kama nilivyokikuta. Kinaweza kuwa cha kukatia kucha. Isitoshe kundi zima la sala nimeshalialika Ijumaa hii saa tisa. Nikiwageuza sasa nitaonekanaje?

Kijiwe: Kucha zinazoota Ijumaa kwa Ijumaa 😂

Mteule: Paulo alisema "ninachukua mwilini mwangu chapa zake Yesu", Wagalatia 6:17. Yake yalikuwa makovu ya mawe na viboko, wala hakualika watu kuja kuyatazama. Okokeni.

Mama_Rozari: Mteule, watakatifu wetu waache. Catherine wa Siena alimwomba Bwana madonda yake yasionekane, na hayakuonekana.

Katekista_Mstaafu: Nijibu alichouliza, maana naona kasahauliwa. Unaanza kwa paroko, naye anapeleka kwa askofu wa jimbo, ndiye mwenye kuchunguza. Vatikani ilitoa kanuni mpya Mei 2024. Hata mambo yakienda vizuri, kwa kawaida mnaambiwa tu kwamba hakuna kizuizi. Hakuna atakayewapigia muhuri kwamba ni Mungu. Na watu hawaitwi kabla ya uchunguzi, hilo umeshaliharibu.

Tomaso_wa_Pili: Wakuu, tulieni. Nimefukua nyuzi zake za zamani. Huyu huyu alishawahi kulia humu kwamba kwao kazaliwa peke yake. Dada katoka wapi?

Kijiwe: Kumbe chai! Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Mteule: Nilijua tu.

Nuru_Hafifu: Ni mtoto wa mama mdogo, tumelelewa nyumba moja. Kwenu mtoto wa mama mdogo mnamwitaje?

Tomaso_wa_Pili: Chai inaongezwa maziwa.

Mama_Rozari: Mtoto wa mama mdogo ni dada, Tomaso. Hapo umekosea.

Zamu_ya_Usiku: Iwe chai, isiwe chai. Mleta mada, kiwembe kiko wapi saa hizi?

Nuru_Hafifu: Ngoja.

Nuru_Hafifu: Kifuko kipo, rozari ipo. Kiwembe hakipo.

Zamu_ya_Usiku: Leo Alhamisi. Weka simu chini, nenda ukakae naye, usimgombeze. Asubuhi mpeleke hospitali, mwone na daktari wa afya ya akili.

Nuru_Hafifu: Na wageni wa kesho je?