Mkondo wa menejimenti: kuna aliyeusoma na anaishi nao?

kijana_wa_rungwe

Wakubwa shikamooni, na rika langu mambo vipi.

Nasoma shahada ya usimamizi wa biashara, namaliza mwaka wa pili. Tumeletewa fomu ya kuchagua mkondo wa mwaka wa tatu: uhasibu, fedha, masoko, ugavi au menejimenti. Inatakiwa irudi kabla hatujaenda fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini. Baba mdogo ndiye aliyenilipia ada tangu kidato cha tano, na hata sasa bumu (mkopo wa serikali) likikata ndiye anayeniongezea. Hataki kusikia kitu kingine zaidi ya uhasibu. Kauli yake ni hii: "Menejimenti ni kujifunza kuwa bosi. Wewe nani atakuajiri uwe bosi?"

Mimi uhasibu nina C zote mbili. Sijasapu, ila moyo haupo. Somo lililonikamata ni lile la kanuni za menejimenti, akina Taylor na Fayol walioziandika mwanzo, majaribio ya Hawthorne ya wafanyakazi kiwandani, McGregor na nadharia zake mbili za namna meneja anavyomwona mfanyakazi. Hilo nina A. Tatizo ni kwamba darasani wanasema waliochagua menejimenti ni waliokimbia hesabu. Sitaki kuhesabiwa huko, na sitaki pia kusota na mitihani ya CPA, ile ya uhasibu, miaka yote kwa ajili ya kumridhisha mtu.

Kuna mtu humu aliusoma mkondo huu na anaishi nao? Kutwa nzima anafanya nini hasa? Nawasilisha.

mzee_wa_leja

Marahaba. Msikilize baba yako mdogo.

Mhasibu ana bodi nyuma yake. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ipo Mei na Novemba kila mwaka, na ukishaipata CPA(T) hakuna wa kukuuliza hizo C. Watu wa ugavi nao wana bodi yao, PSPTB, na matangazo ya kazi zao yanataka usajili. Menejimenti ina bodi gani? Ninyi mlango wenu hauna bawabu. Injinia anakuwa meneja wa kiwanda, mwalimu anakuwa mkuu wa shule, daktari anakuwa mganga mfawidhi, na hakuna hata mmoja aliyepita darasani kwenu.

Zamani ilikuwa habari nyingine. Baada ya Azimio la Arusha mashirika ya umma yalizidi idadi ya watu wa kuyaendesha, ndiyo maana mwaka 1972 Mzumbe ikafanywa IDM, chuo cha kufundisha uongozi. Ukimaliza pale, kazi inakungoja. Ubinafsishaji ulipokuja miaka ya 1990 mashirika yakauzwa, mengine yakafa, na viti vile vikaondoka nayo.

kanzu_nyeusi

Menejimenti kozi nzuri sana kama baba mdogo ana kampuni. Anayo?

kijana_wa_rungwe

@kanzu_nyeusi ana fremu mbili za vifaa vya ujenzi pale Uyole, Mbeya.

kanzu_nyeusi

Basi uzi ufungwe, ajira imepatikana 😂

mama_wa_mzani

Marahaba mwanangu. Nimesoma menejimenti, niliichagua mwenyewe, na sasa nasimamia ghala la korosho huku Kusini. Kuhusu bodi sibishani na Mzee wa Leja. Tangazo likiandika CPA, cheti chetu kinabaki kwenye bahasha. Ila umeuliza kutwa tunafanya nini, na hilo hakulijibu.

Msimu ukifunguliwa, Oktoba hivi, korosho zinatoka kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zinakuja ghala kuu kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo unapokelewa na kuandikiwa hati kabla ya kuuzwa. Gari likiingia linakaguliwa, sampuli inachomolewa, unyevu unapimwa, daraja linatajwa, standadi (la juu) au andagredi (la chini), kisha magunia yanashushwa, yanapimwa uzito, yanapangwa, na karani anaandika. Stakabadhi isipotoka mzigo huo hauendi mnadani, na mkulima hana hela. Sasa njoo wiki ambayo vijiji vyote vimekusanya kwa pamoja. Mafuso yamejipanga mpaka barabara kuu, madereva wametandika mikeka uvunguni, makatibu wa AMCOS simu haziwakauki, na mkubwa kutoka wilayani ameshuka garini anauliza kuna nini hapa. Kila mtu ana dawa moja mdomoni: ongezeni vibarua.

Mimi huwa nachukua daftari nakaa pale getini asubuhi nzima naandika saa. Gari hili limeingia saa ngapi, limekaa wapi, limetoka saa ngapi. Utashangaa. Vibarua wamemaliza gari lao wanacheza karata kivulini. Karani anakunywa chai. Magari yamekwama kwenye unyevu, kwa sababu kipimo ni kimoja, anayejua kukitumia ni kijana mmoja, na saa saba anakwenda kula. Ongeza vibarua kumi hapo, umeongeza wacheza karata kumi. Mfundishe mtu wa pili, wapokezane saa ya chakula, uone.

Kwenye somo la uzalishaji mtakutana na kanuni ya John Little, aliithibitisha mwaka 1961. Walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuingia na kutoka, mara muda ambao kila mmoja anakaa. Kama nje kuna magari 30 na ghala linamaliza 10 kwa siku, anayefika sasa ana siku 3 za kulala hapo. Kuzidisha na kugawanya tu, shule ya msingi. Lakini mwandikie mkubwa wa wilaya kwenye karatasi, ataacha kufoka ataanza kuuliza kipimo cha pili kinauzwaje.

Kwa hiyo hao wanaokimbilia menejimenti kukwepa hesabu wamekimbilia mahali pabaya. Kama utachagua mkondo huu, kwenye masomo ya hiari usitafute mteremko. Chukua takwimu, chukua uhasibu wa gharama, chukua uzalishaji. Na sheria ya kazi, jamani, sheria ya kazi! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne, na kila ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Kuna mameneja wanapanga zamu za msimu ambazo zimeshavunja sheria hata kabla hazijabandikwa ukutani. Au anamkamata mtu na gunia begani, anamfukuza palepale kwa hasira. Yule ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwajiri anaweza kuangushwa huko, wizi upo na ushahidi upo, kwa sababu tu mtu hakupewa nafasi ya kujieleza.

Umenifurahisha na McGregor. Muulize mhadhiri wenu kitu kimoja: mkimaliza Nadharia X (mfanyakazi ni mvivu, abanwe) na Y (akiaminiwa atajituma) ya mwaka 1960, mbona hamfiki kwenye Mwongozo wa TANU wa 1971? Ibara ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliisoma wakaichukulia kweli, na kati ya 1971 na 1973 viwandani Dar es Salaam watu waligoma kwa sababu ya namna meneja anavyosema nao, siyo mshahara peke yake. Hilo ni somo la menejimenti limetokea kwetu, na watoto wanamaliza chuo hawajalisikia.

Taylor msome kwa jicho kali. Pale kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Marekani, aliwataka wabeba chuma watoke tani 12 na nusu kwa siku wafike 47 na nusu, halafu akaandika kwamba mtu wa kufaa kazi ile akili yake inafanana na ya ng'ombe. Mimi niko na wabeba magunia ya kilo 80. Mkubwa wao akitazama fungu la magunia anakwambia upande huu utalala kabla ya Jumamosi, na unalala. Mahali pa kuweka mbao, kona ipi ina unyevu wa ukuta, gunia lipi la katani limechoka, anajua yeye. Kazi yangu ni kumuuliza mapema na kumlipa kwa wakati. Taylor hakuuliza.

afisa_utumishi_daraja2

Nimesoma yote ya mama, safi. Naongeza la upande wa serikali, maana vijana wengi wanaumia hapa.

Ukiomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, kitu cha kwanza kinachoangaliwa ni kama jina la shahada yako linaendana na sifa zilizotajwa kwenye tangazo. Utawala, rasilimali watu, usimamizi wa biashara, uhasibu, kila kada ina orodha yake. Kwa hiyo kabla ya kurudisha fomu, ingia Ajira Portal usome matangazo ya kada unazozitaka, kisha uende ofisi ya usajili ya chuo uulize: cheti changu kitaandikwaje? Kama mkondo unaandikwa kwenye cheti ni jambo moja, kama unaonekana kwenye matokeo ya masomo tu ni jambo jingine. Muulize mtu wa usajili mwenyewe. Usimuulize CR, kiongozi wa darasa.

kijana_wa_rungwe

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Mama wa Mzani nina swali. Fildi nikaombe wapi ili nione hayo? Huku kwetu hakuna ghala la korosho. Wenzangu wengi wanakwenda benki, wanakaa kwenye kiyoyozi wanabana makaratasi.

mama_wa_mzani

Nenda kwa baba mdogo. Sicheki.

Duka la vifaa vya ujenzi ni ghala. Mwombe akuruhusu uhesabu stoku yote: saruji, bati kwa geji zake, misumari kwa inchi, rangi, mabomba, viungio. Kisha kila kitu ukiandikie kiliingia lini na kwa bei gani. Utakuta viungio vya bomba vya saizi ambayo hakuna fundi anayeitaka, vimekaa shelfu ya juu tangu mwaka juzi, na wiki hiyohiyo wateja wanarudishwa kwa sababu misumari ya inchi nne imeisha. Jumlisha thamani ya vilivyolala, uandike kiasi hicho juu ya karatasi moja, umpelekee jioni akishafunga duka. Usimtajie Fayol.

mzee_wa_leja

Mama, chuo hakitakubali fremu ya Uyole. Wanataka barua ya taasisi, muhuri, msimamizi wa kusaini kitabu cha fildi, na mhadhiri atakuja kukagua.

mama_wa_mzani

@mzee_wa_leja basi fildi rasmi aombe kwenye kiwanda au kampuni ya usafirishaji hapo Mbeya, njia ya Tunduma ile mizigo haiishi. Akifika aombe akae getini au stoo. Asikubali kupelekwa masijala. Dukani aende likizo kabla fildi haijaanza.

mzee_wa_leja

Hapo sawa. Na wewe kijana, hiyo stoku ukishaihesabu utakuwa umefanya uhasibu wa gharama bila kujijua, kwa hiyo somo hilo lichukue, C zako zisikutishe. Kuna moja mama hajakwambia. Ukikuta stoku ya dukani haiendani na daftari la mauzo, usiiandike kwenye hiyo karatasi. Mwambie baba mdogo kwa mdomo, mkiwa wawili, kabla hujamtajia mtu mwingine, hasa kama muuzaji ni shemeji yake.

kijana_wa_rungwe

Muuzaji ni shemeji yake.