Mhudumu, kama hujamuuliza mpishi usiniambie "haina ngano"

Wakuu, naandika nikiwa kitandani, leo siku ya tatu. Tumbo limevimba kama ngoma, kuharisha hakukomi, nguvu sina. Chakula hakikuwa kimechacha. Nilikula wali na samaki kwenye mgahawa mmoja hapa Dar, mahali pasafi kabisa.

Nina ugonjwa wa seliaki. Nikila ngano au shayiri, protini yake inayoitwa gluteni inaufanya mwili wangu wenyewe uushambulie utumbo mwembamba, na chakula hakifyonzwi tena. Kabla hawajaujua nilitibiwa minyoo, amiba, taifodi na vidonda vya tumbo, damu haipandi hata nimeze vidonge vya kuongeza damu miezi na miezi. Hauna kidonge. Tiba ni kutokula chochote chenye gluteni maisha yote, hata makombo.

Sasa sikilizeni. Wakati wa kuagiza nilimuuliza mhudumu taratibu: kaka, mimi ngano inaniumiza sana, huyu samaki kapakwa unga? "Hapana dada, samaki mtupu." Hakugeuza hata shingo kuangalia jikoni.

Sahani ya wali ikaja na chapati juu yake, ambayo sikuagiza. Nikairudisha, nikaomba wanipakulie wali mwingine. Dakika mbili imerudi. Nilishakamulia ndimu kwenye ule wali wa kwanza, na mbegu zangu mbili za ndimu zilikuwa palepale! Wameondoa chapati tu, basi.

Nikanyanyuka hadi jikoni. Mpishi, mama mtu mzima, hakunificha: samaki wote wanapitishwa kwenye unga wa ngano wasishike kikaangoni, na mafuta ni yale yale ya sambusa. Huyo samaki nilishamla nusu wakati nasubiri wali.

Kumpaka samaki unga si kosa, kila mtu na mapishi yake. Kinachonichoma ni kijana kunijibu kitu asichokijua. Angesema "sijui, ngoja nikuulizie", ningekula wali na maharage, nikalipa, nikaondoka mzima. Nilipolalamika, meneja akaniambia kama nina masharti hivyo nile nyumbani. Masharti? Wanadhani nataka kupungua mwili. Wengine huniambia kidogo hakidhuru. Kinadhuru, niko kitandani hapa.

Na nchi yenyewe ni hii! Ugali wa mahindi, ndizi, mihogo, viazi, mtama, ulezi, wali: vyote havina gluteni. Tabu iko kwenye vilivyojificha. Mishkaki imelazwa kwenye soya sosi, ambayo nyingi hutengenezwa kwa ngano. Mchuzi umekolezwa kwa unga. Urojo nimeuacha moja kwa moja, uzito wake ni unga wa ngano. Uji wa lishe hadi nijue kilichosagwa mle. Haya huwezi kuyaona kwa macho, lazima mtu aulize, na anayeulizwa aseme kweli.

Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, sheria inaulazimisha mgahawa kumweleza mteja kama chakula kina nafaka zenye gluteni. Mimi hapa sijaomba sheria. Naomba mhudumu atembee hatua kumi hadi jikoni.

Wenye seliaki humu, au mnaolea mtoto mwenye nayo, hapa Dar mnakula wapi? Nitajieni sehemu ambayo ukiuliza, mtu anakwenda kumuuliza mpishi kabla ya kukujibu.