Mwanangu akivua miwani ya uhalisia pepe anayumba, ni kawaida?

Mama wa Tanga: Habari zenu. Mwanangu ana miaka 15. Mjomba wake wa Muscat alimletea miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho yote na kukuonyesha ulimwengu wa kompyuta kana kwamba umo ndani yake, na likizo hii anakaa nayo kuanzia alasiri hadi magharibi. Akiivua anahisi kichefuchefu, anasema sakafu inacheza kama yumo ngalawani. Jana aliweka kikombe pembeni ya meza, hewani kabisa, kikavunjika. Je, ubongo wake unaumia? Nina hofu kweli.

Mtabibu wa macho: Pole dada. Macho yanamwambia anakimbia, lakini kiungo cha mizani ndani ya sikio kinasema amekaa kitako. Mgongano huo ndio unaoleta kichefuchefu. Tena macho hulenga umbali uleule mmoja hata picha ikionyesha mlima wa mbali, kwa hiyo yanachoka, na kope zikipepesa kidogo yanakauka. Kwa wengi hali hii hupita baada ya kupumzika. Asipande baiskeli mpaka atulie. Kizunguzungu kikiendelea hadi kesho yake, mpeleke hospitali.

Mkufunzi wa uchomeleaji: Shingo pia! Quest 3, aina mojawapo ya miwani hiyo, ina gramu 515, na sehemu kubwa ya uzito iko mbele ya uso. Wanafunzi wangu wanaofanya mazoezi ya kuchomelea kwa miwani hiyo nawavulisha kila nusu saa. Akianza kutoka jasho la baridi avue papo hapo, asijikaze. Kujikaza ndiko kunakozidisha.

Mama wa Tanga: Ahsanteni sana. Na usiku je, aivae kitandani?

Mtabibu wa macho: Hapana dada. Aiweke mbali mapema, usingizi umjie.