Naomba ushauri: mwandishi tunayempenda anaumwa, tumsaidieje bila kumvunjia heshima?
Habari zenu ndugu zangu. Sisi ni wasomaji wa hapa Dar, wengi wa Temeke na Kinondoni, tuliokua na riwaya za mzee mmoja ambaye simtaji kwa kuwa familia haijaruhusu. Ana saratani, anatibiwa Ocean Road. Tangu tupate habari, wengine wanataka twende kwa wingi kumjulia hali, wengine wameshaanza kusambaza namba ya michango.

Kwenda kwa wingi mimi napinga. Dawa nyingi za saratani hushusha kinga ya mwili, na mafua ya mgeni mmoja tu yanaweza kumzidishia mgonjwa. Ila kukaa kimya nako roho inagoma. Mzee huyu ndiye aliyetupa hamu ya kusoma, jamani.

Terry Pratchett, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alitangaza Desemba 2007 kwamba ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Mwaka 2008 akatoa dola milioni 1 kwa utafiti wa ugonjwa huo, na wasomaji wake wakaanza kuchanga wafikie kiasi kilekile. Nilichopenda ni kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeonyesha njia.

Sasa mliowahi kuuguza, nisaidieni. Tuanze kuzungumza na nani, mkewe au wanawe? Tukijitolea damu itamfaa? Barua za wasomaji tumpelekee sasa, au tusubiri amalize dozi? Na fedha azishike nani, mzee asije akasikia jina lake linaombewa hela asizoziona?