Ushauri: Klabu yetu inataka kupokezana kijiti Mwenge hadi Bagamoyo kuchangia kituo cha afya

Bunju_Asubuhi (mleta uzi)
Wakuu, habari za humu. Klabu yetu ya jogingi ina watu 24. Jumamosi moja ya Julai tunataka kukimbia kwa kupokezana kijiti kutoka Mwenge hadi Bagamoyo mjini, tuchangishe fedha za vitanda viwili vya kujifungulia. Odomita ya gari imesoma kilomita 58. Wenye kasi wanakwenda dakika 5 kwa kilomita, wa mwisho wanafika 7 na nusu.

Mpango wa sasa: kila mmoja akimbie peke yake kilomita 2 na nusu hivi, tuanze saa 6 usiku ili jua lisitukute, na magari madogo manne yafuate nyuma. Naomba mnisaidie kwenye mgawanyo wa njia, usalama, maji na vibali. Na suala la fedha pia, maana watu wanauliza.

MwalimuWaMbio
Mkuu, wazo ni zuri sana ila vipande vya kilomita 2.5 vitavunja mpango. Fikiria gari. Kipande hicho kinaisha kwa dakika 15. Gari linasubiri aliyefika, anapanda, linampita aliye barabarani, linatafuta pa kusimama, linashusha anayefuata. Hapo dakika 8 hadi 10 zimeisha, na anayeshuka anabaki na dakika 5 za kupasha mwili. Ikitokea foleni kidogo, mkimbiaji anafika kituoni hakuna wa kumpokea. Kikishachelewa kituo kimoja, vinavyofuata vyote vinachelewa.

Fanyeni vipande 12, na kila kipande wakimbie wawili wenye pesi (dakika kwa kilomita) inayolingana. Watu 24 wote wanatumika, hakuna anayekuwa peke yake barabarani, na mmoja akikamatwa na msuli mwenzake anaendelea na kijiti huku akiwa ameshapiga simu. Pesi ya jozi ihesabiwe kwa yule wa polepole. Wastani ukiwa dakika 6 na sekunde 20, kilomita 58 ni saa 6 na dakika 7. Ongeza dakika moja kwa kila makabidhiano, mnapata saa 6 na dakika 20 hivi.

Vipande visilingane. Mimi ningegawa hivi: vitatu vya kwanza kilomita 4, 4 na 5, sita vya katikati kilomita 5 na nusu kila kimoja, vitatu vya mwisho kilomita 4 kila kimoja. Jumla 58. Polepole waanze, wenye nguvu wachukue katikati, na za mwisho wapewe wale waliozoea kukimbia asubuhi jua likiwa limepanda.

DerevaWaKosta
Saa 6 usiku hapana. Kutoka Mwenge hadi Tegeta, kama kilomita 13, barabara ni njia nne na ina taa. Ukishaivuka Tegeta inabadilika, na ukipita Bunju kuelekea Mapinga, Kerege na Zinga usiku unakutana na malori na mabasi yanayokwenda kasi, na bega la barabara si pana kila mahali.

Anzeni saa 10:45 alfajiri. Kwa mwendo aliotoa Mwalimu, mnafika Tegeta kama saa 12:10 asubuhi, na mwezi Julai mwanga unakuwa umeanza kufunguka. Maana yake giza lote mnalimaliza kwenye sehemu yenye taa. Mnaingia Bagamoyo saa 5 na dakika chache. Wiki moja kabla mpite alfajiri muone taa zipi haziwaki.

Magari manne ya kufuata nyuma yaacheni. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mkimbiaji anatakiwa awe kulia ili aone gari linalomjia. Gari lenu la kusindikiza litakuwa upande wa pili wa barabara, halimmulikii, na likienda kilomita 10 kwa saa linageuka kizuizi cha kugongwa kwa nyuma. Chukueni Kosta moja ibebe wote na gari dogo moja la huduma ya kwanza linalotangulia, lisimame nje ya lami, kisha litangulie tena.

Kubwa kuliko yote: kituo cha kupokezana kiwe upande wa kulia. Kosta ikisimama kushoto, jozi inayoshuka inavuka na jozi iliyochoka inavuka. Huyo aliyetoka kukimbia ndiye anayegongwa, kwa sababu anaangalia wenzake. Tafuteni sheli zilizo kulia, Kosta iingie ndani kabisa. Ombeni ruhusa kwa meneja mapema, mtapata na choo. Pasipo na sheli, mtu mmoja mwenye bendera na refleta kazi yake iwe kuvusha tu.

Bunju_Asubuhi
Asante sana wakuu. Hilo la upande wa kulia hatukuwa tumelifikiria kabisa. Bodaboda je? Wanapita kwenye bega hilohilo.

DerevaWaKosta
Ndiyo, na wengine wanapita kinyume, kwa hiyo anakuja kutoka mgongoni kwako ukiwa kulia. Ndiyo sababu ya kukimbia kwa kufuatana wala si sambamba: wa mbele ana tochi ya kichwa iliyoinamishwa ielekee chini mita tatu nne mbele asimpofue dereva, wa nyuma ana taa nyekundu kiunoni. Refleta wote, hata kukishapambazuka. Na hakuna spika masikioni. Hilo liandikwe kwenye fomu ya kushiriki, atakayevaa hakimbii.

Nesi_Pwani
Naongezea upande wa afya, maana watu wengi wanadhani hatari ya joto ni ya mtu wa polepole. Kiharusi cha joto kinampata zaidi anayesukuma kwa nguvu, na kinaweza kutokea hata ndani ya nusu saa. Vipande vyenu vitatu vya mwisho ni saa 4 kasorobo hadi saa 5 na dakika chache, na Julai kusi, upepo wa kusini, linavuma. Mkielekea Bagamoyo linawasukuma mgongoni, kwa hiyo hewa inayopita kwenye ngozi ni ndogo na jasho halikauki vizuri. Mtu anajiona mwepesi anaongeza mwendo, kumbe mwili unachemka. Vipande hivyo vitatu viwe vya mwendo uliopangwa, asiwepo wa kushindana na saa.

Dalili ya kuangalia ni akili: anayumba, anajibu ovyo, anakuwa mkali bila sababu. Hata kama bado anatoka jasho, chukulia ni kiharusi cha joto. Mpozeni hapohapo kwanza, hospitali baadaye, huku mwingine anapiga simu. Muwe na turubai: mlazeni katikati, watu wanne washike kingo ziinuke, mwageni maji na barafu, koroga maji yazunguke mwili. Kila dakika ina thamani hapo. Gari la huduma ya kwanza libebe madumu matano ya lita 20 ya maji ya kupozea na barafu kilo 20 kwenye kisanduku cha ubaridi. Maji hayo hayanywewi.

Ya kunywa: watu 32 pamoja na wasaidizi, lita 3 kila mmoja, kama lita 100. Kipande cha nusu saa hakihitaji kubeba chupa. Anywe nusu lita saa mbili kabla, kisha anywe kwa kiu akimaliza. Msilazimishane maji. Anayekunywa maji matupu mengi kupita jasho lake chumvi ya damu inashuka, anaumwa kichwa, anatapika, na akiongezwa maji anazidi kuharibika. Muwe na pakiti 20 za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), moja kwa lita moja kamili. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Wazuieni kumeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ili "wasiumie". Zikikutana na upungufu wa maji zinaumiza figo. Chakula cha alfajiri kiwe ndizi mbivu, mkate au uji mwepesi. Maharage na chapati za mafuta zisubiri Bagamoyo.

Mhazini_Msaidizi
Vibali: njia inatoka Kinondoni inaingia Wilaya ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani. Barua moja kwa polisi wa Kinondoni haitoshi, pelekeni na ya Pwani, zote mbili ziwe na ramani, ratiba ya vituo kwa saa, idadi ya watu na namba za magari. Nakala kwa TANROADS (wakala wa barabara) na kwa maafisa michezo wa pande zote mbili. Anzeni wiki sita kabla. Ruhusa ya kuchangisha fedha hadharani ombeni kwa barua yake, msiichanganye na ya barabara.

Fedha: gharama za siku (Kosta, maji, fulana) zilipwe na ada ya wakimbiaji. Mchango wa vitanda usiguswe hata kwa mafuta ya gari. Lipa namba iwe ya klabu, na akaunti iwe na saini mbili. Ahadi za "nitatoa kiasi fulani kwa kilomita" zinapendeza ila nyingi hazilipwi mbio zikishapita, kwa hiyo ombeni nusu itangulie.

Kabla ya kununua chochote, pateni barua ya mganga mfawidhi inayotaja aina ya kitanda wanachohitaji, na mganga mkuu wa wilaya ajue. Vitanda visivyofaa huishia stoo. Mlipeni muuzaji moja kwa moja, kisha vipokelewe kwa hati ya makabidhiano na viingizwe kwenye leja ya kituo. Risiti na hati mzibandike kwenye kundi la wachangiaji.

MwalimuWaMbio
Mazoezi: wiki mbili za mwisho jozi za kuanzia 10 hadi 12 zifanye mazoezi saa 3 na nusu asubuhi, siku nyingi kadiri kazi inavyoruhusu. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto.

Bunju_Asubuhi
Nimeelewa, tunahamia vipande 12 na Kosta moja. Swali la mwisho: jozi ikichelewa sana, wanaosubiri wafanyeje? Na kijiti chenyewe, cha mbao kinafaa?

DerevaWaKosta
Kijiti cha mbao mkononi kinaloa jasho na kinashughulisha mkono ambao ungeshika simu. Tumieni bangili ya kujikunja yenye refleta, inavalishwa sekunde moja.

Kuchelewa: msimamizi wa kituo awe na karatasi yenye muda wa kufika wa kila jozi. Zikipita dakika 5, apige simu kwa jozi. Zikipita 10 bila jibu, gari la huduma ya kwanza lirudi nyuma polepole mpaka liwaone. Wanaosubiri wasianze bila bangili na wasirudi kwa miguu kuwatafuta, la sivyo mtakuwa mnatafuta jozi mbili.