MJADALA: Kwa nini 9 Desemba tunaandika "Uhuru wa Tanzania Bara" wakati iliyopata uhuru ni Tanganyika?

Wakuu salaam, naomba tulijadili hili kwa hoja, matusi tuweke pembeni.

Kila Desemba ikikaribia mabango yanatoka na maneno yale yale. 2011 tuliadhimisha miaka 50 ya Uhuru wa Tanzania Bara, 2021 ikawa miaka 60 ya Uhuru wa Tanzania Bara. Mi nasema wazi kabisa hakuna nchi ya jina hilo iliyopata uhuru, kwa sababu 1961 haikuwepo. Bendera iliyopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 ilikuwa ya Tanganyika, iliyoingia Umoja wa Mataifa siku tano baadaye ni Tanganyika, na iliyokuwa jamhuri 9 Desemba 1962 Nyerere akiwa rais ni Tanganyika hiyo hiyo. Hata tulipoungana Aprili 1964 bado jina lilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, Tanzania imekuja rasmi 29 Oktoba mwaka huo. (Nani hasa alilibuni neno Tanzania ni ugomvi mwingine, tusiuchanganye hapa.)

Sasa nikilisema hili huwa najibiwa mambo mawili.

La kwanza, eti Tanganyika ni jina la mkoloni kwa hiyo acha lizikwe. Ngoja tulitazame vizuri maana hapa watu wengi wanapita juu juu. Ni kweli Mwingereza ndo aliyelibandika kwenye nchi, mwaka 1920. Mjerumani alikuwa anaiita Afrika Mashariki ya Kijerumani, akashindwa vita, Rwanda na Burundi akapewa Mbelgiji, kipande kilichobaki akachukua Mwingereza na kikawa hakina jina. Kule London yakaletwa mapendekezo ambayo leo ukiyasoma unashtuka: Smutsland, kwa heshima ya yule jenerali wa Afrika Kusini aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani huku kwetu, Windsorland, New Maryland, na Victoria pia lilikuwepo. Waziri wao wa makoloni akataka jina la kienyeji linalojulikana, Kilimanjaro na Tabora yakatajwa yakaachwa, mwisho wakachukua jina la ziwa. Kwa hiyo mkoloni alichagua ndiyo, lakini alichagua neno ambalo watu wa huku walikuwa nalo kabla yake. Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, wamefika Ujiji kando ya ziwa Februari 1858 wakalikuta linasemwa tayari.

Na maana yake siyo ile ya "tanga" na "nyika" tuliyokaririshwa wengi wetu, kwamba ni tanga la chombo na nyika ya bara au mji wa Tanga na nyika yake. Hiyo mi siikubali hata kidogo, Tanga iko pwani na ziwa liko mwisho kabisa wa magharibi, jina la ziwa litokee Tanga kwa njia gani? Burton aliandika kwamba neno lina maana ya kukutana, kuungana, yani mahali maji yanapokutana, na ukilisikiliza unaona liko jirani kabisa na "changanyika" ya Kiswahili. Mi naamini hiyo ndo iliyo karibu na ukweli kuliko zote. Tena ziwa lenyewe siyo letu peke yetu, tunalo sisi, Congo, Burundi na Zambia, na Wacongo wana mkoa mzima unaitwa Tanganyika, makao makuu Kalemie, na hawaoni shida yoyote.

Halafu kama kigezo ni nani alileta jina basi hatubaki na kitu, maana hata Zanzibar ni neno la wageni waliokuja na majahazi. Kinachonifanya mimi niling'ang'anie hili jina ni kile wazee wetu walichokifanya nalo. Ile T ya mwanzo kwenye TANU ni Tanganyika, watu walikata kadi tangu 1954 chini ya jina hilo, wengine walifukuzwa kazi kwa ajili yake.

La pili ndo zito, kwamba kulitaja ni kutaka kuvunja muungano. Naelewa woga huu ulipotoka. 1993 wabunge wale 55, G55, walidai serikali ya Tanganyika ndani ya muungano, Mwalimu akawapinga vikali, na tokea hapo neno likageuka kuwa kama msimamo wa kisiasa, ukilitamka tu watu wanakuuliza uko upande gani. Ilipokuja Tume ya Warioba, ile ya mabadiliko ya katiba, na pendekezo lake la serikali tatu (ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika) moto ukawaka upya. Lakini mimi hapa siongelei serikali ngapi, naongelea tukio la 1961 liitwe kwa jina lake. Wenzetu 12 Januari wanaadhimisha Mapinduzi ya Zanzibar, hakuna bango linaloandika Mapinduzi ya Tanzania Visiwani, na muungano upo salama. Kwa nini upande mmoja utaje jina lake na upande wa pili ufichwe?

Tena madhara yapo. Mpwa wangu yuko darasa la sita aliniuliza, "Anko, Tanzania Bara ilikuwa inatawaliwa na Mwingereza, na Tanganyika je ilitawaliwa na nani?" Yeye anajua ni nchi mbili tofauti, na simlaumu, bango limemwambia hivi na kitabu kimemwambia vile.

Katiba yenyewe ya 1977 haiogopi hilo neno. Nendeni ibara ya 151 kwenye ufafanuzi, Tanzania Bara inaelezwa kuwa ni eneo lote la Jamhuri ya Muungano ambalo zamani lilikuwa eneo la Jamhuri ya Tanganyika. Ukitaka kuongelea mikoa ya leo sema Tanzania Bara, ni sahihi kabisa. Ukiongelea 1961 sema Tanganyika. Anayesema kuandika "Uhuru wa Tanganyika" kwenye bango ni kosa anionyeshe ni sheria gani inayokataza, niko tayari kusoma kila jibu.