Binti yangu alizimia baada ya sindano ya benzathini, wameandika ana mzio. Tuache?

MamaWaWatatu

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri, hasa kwa wataalamu na wazazi ambao watoto wao wanachomwa sindano hii.

Binti yangu ana miaka 13, kilo 41. Miaka miwili iliyopita alipata homa ya rumatiki, ikamwachia vali moja ya moyo, ya mitrali, inayovuja kidogo. Tangu hapo anachomwa benzathini penisilini, yuniti milioni 1.2, kila baada ya wiki 4, ili homa isirudi. Hatujawahi kukosa hata mara moja.

Safari hii nesi alimchoma akiwa amesimama, ameegemea kitanda. Asubuhi hiyo alikuwa hajala kitu kwa woga. Nesi hajamaliza hata kubonyeza pamba, nikaona midomo imekuwa myeupe na jasho linamtoka kwenye paji la uso. Akasema "mama, sioni," akaanguka. Tukamlaza, tukamwinua miguu. Haikupita dakika moja akafumbua macho akauliza kiatu chake kimoja kiko wapi. Hakuvimba, hakutoka vipele, hakubanwa kifua.

Kwenye kadi wameandika kwa wino mwekundu MZIO WA PENISILINI, wakatuambia tusirudi kuchomwa. Hakuna dawa nyingine tuliyopewa. Leo ni siku ya 24. Ndugu wananiambia nishukuru Mungu amezinduka, niachane nayo. Naogopa kuchoma na naogopa kuacha. Nifanyeje?

Nesi_wa_Zamu

Pole sana mama, pole na binti. Kwanza kabisa, asichomwe penisilini yoyote mpaka daktari amwone. Kadi ikishaandikwa mzio, isifutwe kwa maneno yetu humu.

Ila ulichosimulia kinafanana sana na kuzirai kwa maumivu na woga. Mtu anapauka, anatoka jasho la baridi, mapigo yanakwenda polepole, ukimlaza anazinduka. Mzio mkali una sura nyingine: vipele vinavyowasha mwili mzima, midomo na kope kuvimba, kifua kupiga mluzi, kutapika, mapigo ya haraka na dhaifu, na kulala peke yake hakumrudishi mtu, anahitaji adrenalini ya msuli wa paja hapo hapo. Je, walimpima mapigo na presha alipoanguka? Kama yaliandikwa, omba nakala. Hizo namba mbili zitamsaidia daktari kuliko neno "mzio" lenyewe.

Mkongwe77

Dada, sindano za nini? Mpe vidonge siku akisikia koo linawasha, basi.

Nesi_wa_Zamu

Hapana kaka, hapo utamponza mtoto. Bakteria wa koo, streptokoka wa kundi A, mara nyingi hupita bila hata koo kuuma, na homa ya rumatiki huja wiki 2 mpaka 3 baadaye. Sindano ni kinga, haingoji dalili.

ValiMoja

Mama, mimi nina miaka 26, nachomwa tangu nikiwa darasa la tano. Nilipofika 19 nilizirai kama binti yako, nikaogopa nikaacha mwaka mzima. Homa ikarudi, magoti yakavimba nikashindwa kushuka ngazi, na vali iliyokuwa inavuja kidogo ikaharibika zaidi. Nasema hili kwa upendo: usikae kimya mpaka siku ya 28 ipite. Nenda kliniki ya moyo kesho.

Siku hizi sichomwi nimesimama. Nakula, nakunywa maji, nalala ubavu. Nesi wangu anaacha spiriti ikauke, anabonyeza kwa kidole gumba kama sekunde 10, halafu anasukuma dawa taratibu, dakika 2 hivi. Bado inauma, lakini sizirai.

Mfamasia_Mtulivu

Nyongeza mbili, maana hapa ndipo watu huumia.

Benzathini ni ya msuli tu, ndani kabisa. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kusimamisha moyo. Benzilipenisilini, ile inayochomwa kila baada ya saa chache, ndiyo hupitishwa kwenye mshipa. Majina yanafanana, kwa hiyo mzazi una haki ya kuomba usomewe kichupa. Ile ya unga huziba sindano isipotikiswa vizuri, na ikishachanganywa ichomwe mara moja.

La pili ni moyo wenyewe. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa angalizo kwamba baadhi ya vifo vilivyodhaniwa ni mzio huenda vilitokana na moyo uliochoka kushindwa kuhimili mshtuko wa presha kushuka. Wenye vali iliyobana sana, vali ya aota inayovuja sana, au moyo unaosukuma kwa udhaifu, wanashauriwa vidonge: penisilini V miligramu 250 mara mbili kwa siku. Mwenye mzio wa kweli hupewa erithromisini. Kwa hiyo omba eko mpya, yaani kipimo cha picha ya moyo, kabla ya uamuzi wowote. Na kama moyo uko imara, sindano ina nguvu kweli: kwenye utafiti wa Uganda uliochapishwa 2021, watoto wenye ugonjwa wa mwanzoni waliochomwa, 0.8% tu walizidi kuumwa ndani ya miaka 2, wasiochomwa 8.2%.

MamaWaWatatu

Nawashukuru sana, nimelia nikisoma. Tumetoka kliniki ya moyo jana, siku ya 27. Eko inaonyesha uvujaji ule ule mdogo, moyo unasukuma vizuri. Daktari alinihoji dakika kwa dakika, akampigia simu nesi aliyekuwepo: mapigo yalikuwa 48. Akasema huku ni kuzirai, akaandika hivyo kwenye kadi, akasaini.

Wamemchoma hapo hapo akiwa amelala, adrenalini ikiwa tayari mezani, unga umechanganywa na ganzi ya lidokaini. Nilimshika mkono tukahesabu matofali ya dari mpaka nesi akasema basi. Tukakaa dakika 30. Alinishinda kwa matofali manne.

@ValiMoja, binti anauliza: ule uvimbe mgumu pale ulipochomwa unaisha baada ya siku ngapi?